Kibunda cha Sarafu cha Mbumbuni

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia, msomaji mpenzi, kibaba kikishajaa kinafungwa kwa kitu gani. Hilo ndilo swali lililotutoa nyumbani Nairobi Ijumaa moja alfajiri, mimi na mwanangu wa miaka 13, tukashika njia ya Ukambani hadi Mbumbuni. Tulikwenda kutafuta karatasi. Tena si karatasi ya hatimiliki wala ya cheti, bali ya kufungia sarafu tu.

Acha nieleze. Kijana huyu ana uraibu wake. Wenzake wakicheza mpira, yeye huketi sebuleni na kopo la sarafu, akizigeuza moja moja chini ya taa na kusoma mwaka. Kila chenji inayoingia nyumbani sharti ipite mikononi mwake: ya mkate, ya matatu, hata ile mama yake aliyoiweka kando kwa ajili ya sadaka. Anatafuta zile zilizosahaulika. Anaitafuta shilingi ya kwanza ya Kenya, ya 1966, yenye kichwa cha Mzee Jomo Kenyatta kisichozungukwa na maandishi yoyote. Anaitafuta shilingi tano yenye pembe saba iliyotolewa 1985. Anaitafuta zaidi ya zote ile shilingi arubaini ya 2003, yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru.

Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Ndiyo sababu sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na ndovu kwenye ishirini. Zile za marais hazipigwi tena, na kisichopigwa tena hupungua. Mwanangu anasema anawahi kabla hazijakwisha.

Aliyemwongezea kichaa ni binamu yake anayesoma Marekani. Huko, alimweleza kwa simu, watu wenye uraibu huu huenda benki wakanunua sarafu zilizofungwa kwa karatasi kama mishumaa. Robo dola huwa 40 katika kibunda kimoja, jumla dola 10. Senti kumi huwa 50, jumla dola 5. Mtu huenda nazo nyumbani, akafungua, akachambua, akachukua anayoitaka na kuweka nyingine mahali pake, kisha akafunga upya na kurudisha. Wanachowinda hasa ni fedha yenyewe, ile madini. Robo dola na senti kumi za Marekani za 1964 na za nyuma yake zilikuwa na fedha asilimia 90. Baada ya hapo fedha ikatolewa, lakini zile za zamani hazikuitwa zirudi, na hadi leo moja moja hujitokeza ndani ya kibunda.

Basi mwanangu akataka naye awe na vibunda. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Benki nilikowahi kuchukua sarafu walinipa katika vifuko, hawakunipa katika karatasi. Zamani tungezifunga kwa vipande vya nailoni bila kufikiri mara mbili, lakini mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ofisi mjini hadi soli zikalalamika. Mwishowe nikapata pakiti moja ya karatasi 100 kutoka ng'ambo. Bei yake ilikuwa shilingi 1,200. Nikapiga hesabu palepale: shilingi 12 kufungia sarafu za shilingi 100. Uraibu wa namna hiyo ungemfilisi baba kabla ya kumtajirisha mwana.

Usiku nikampigia simu mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, ambaye ana duka dogo Mbumbuni. Nilikumbuka kwamba tangu utotoni mwangu nilimwona akifunga sarafu. Alicheka hata simu ikakwaruza.

"Karatasi ya shilingi kumi na mbili kufunga shilingi mia? Njoo na mtoto. Na msibebe karatasi yoyote."

Nilikubali, ingawa moyoni nilisita kidogo. Kati yangu, mama mkubwa na vibunda vyake palikuwa na jambo la zamani ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

SAFARI

Gari tulilipandia ile stesheni ya mabasi ya mashambani ambayo watu wa Nairobi huiita Uwanja wa Ndege wa Machakos, ingawa hakuna ndege iliyowahi kutua pale ila kunguru. Tukafuata barabara ya Mombasa hadi Kyumvi, tukapinda kushoto kuelekea Machakos.

Machakos ni mahali pazuri pa kumwanzishia mtoto hadithi ya sarafu. Mji huu ulikuwa kituo cha kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa kabla Nairobi haijawa mji. Kampuni hiyo ilipiga pesa zake yenyewe mnamo 1888, zenye jina la Mombasa na picha ya mizani. Zilikuwa rupia na pesa, kwa kuwa biashara yote ya pwani ilihesabiwa kwa mtindo wa India. Hata neno letu "pesa" tulilipata kwa njia hiyo. Rupia ilidumu hadi 1920, ikaja florini ambayo haikukaa, kisha ikaja shilingi ambayo tunayo mpaka leo.

"Kwa hivyo shilingi ina miaka mia moja na zaidi?" akauliza kijana.

"Jina lina miaka hiyo," nikamjibu. "Yenyewe imekufa na kufufuka."

Kutoka Machakos tulifuata barabara ya Kitui hadi Masii. Hapo tukaiacha, tukashika ile ya Tawa. Hewa ilizidi kuwa kavu na udongo ukazidi kuwa mwekundu. Kando ya njia wanawake walikuwa wamepanga maembe katika mafungu, na mashamba ya mbaazi na ndengu yalikaa kati ya matuta yaliyochimbwa kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Vilima vya Mbooni vilitutazama kwa mbali kama wazee waliokaa barazani. Tukapita Tawa, na baadaye kidogo tukaingia Mbumbuni.

Mbumbuni ni soko la upande wa mashariki wa Mbooni, katika kaunti ya Makueni. Ukizidi kwenda mashariki utafika Mto Athi, na ng'ambo yake ni Kitui. Ni mahali ambapo siku ya soko mbuzi, viondo, ndoo za plastiki na suruali za mitumba hugawana kivuli kimoja. Simu imefika, na tangu M-PESA ilipoanza Machi 2007 watu wengi hulipa bila kugusa noti. Lakini mandazi, kiberiti, kitunguu kimoja na peremende ya mtoto bado hununuliwa kwa sarafu. Kwa hivyo, mwenye duka asiye na sarafu hana chenji, na asiye na chenji hupoteza mteja.

Wapo wanaotatua jambo hilo kwa kumpa mnunuzi peremende badala ya chenji. Mama mkubwa hataki kulisikia hilo.

"Peremende si pesa," husema. "Nikikupa peremende leo, kesho utakubali nikikataa kukuuzia chumvi kwa peremende hiyohiyo?"

KARATASI YA BURE

Tulimkuta ameketi nyuma ya meza ya duka, kitambaa kichwani, miwani imeshikiliwa na uzi.

"Wakya," akatuamkia.

"Aa," tukaitika, mimi nikiwa nimeinama kidogo kama ipasavyo mbele ya mwaitu, ndivyo tuwaitavyo akina mama Ukambani. Kijana yeye humwita Susu, yaani nyanya.

Baada ya chai na muthokoi, Susu alivuta kutoka chini ya meza furushi la karatasi. Zilikuwa pakiti tupu za unga wa mahindi, zile za kilo mbili, zimekung'utwa na kukunjwa vizuri. Nilitaka kucheka, kisha nikajiona mjinga. Nyumbani kwangu pakiti moja ya namna hiyo hutupwa kila baada ya siku mbili. Nilikuwa nimezunguka jiji zima nikitafuta kitu ambacho kila jioni nakitia kwenye pipa.

Kijana, kwa kuwa ni mwanafunzi, hakukubali kabla ya kujaribu. Alifunga kibunda kimoja kwa gazeti, cha pili kwa ukurasa wa daftari, cha tatu kwa pakiti ya unga, kisha akaviangusha vyote sakafuni kutoka kimo cha meza. Gazeti lilipasuka na sarafu zikatawanyika hadi chini ya magunia. Daftari lilistahimili lakini likafunguka mdomo. Pakiti ya unga iliruka kidogo, ikatulia, na ndani hamkutoka kitu.

"Unga umebeba kilo mbili kutoka kinuni hadi kwangu," akasema Susu. "Sarafu ishirini zitaushinda nini?"

Namna ya kuikata ni hii. Pasua pakiti kwenye mshono na uondoe kitako chake kilichokunjwa mara nyingi. Panga sarafu zako mnara mmoja, uulaze kwenye karatasi, na uache upana wa kidole kila upande ili upate mdomo wa kukunjia ndani. Huo ndio upana. Urefu ni mzunguko wa sarafu mara mbili, na kidogo zaidi cha kupakia gundi. Hapo kijana alichukua rula, akapima shilingi kumi, akapata karibu sentimita 2 na milimita 3. Akazidisha kwa 22 na kugawanya kwa 7, akapata sentimita 7 na kidogo. Mara mbili ni kama sentimita 14 na nusu. Alinitazama kana kwamba mwalimu wake wa hesabu hakuwa akimdanganya kumbe.

Gundi nayo ni uji mzito wa ngano, kijiko kimoja cha unga kwa maji kidogo, ukakorogwa motoni hadi ung'ae. Hainunuliwi popote.

Kifaa cha mwisho kilikuwa kipande cha paipu ya maji kilichopasuliwa katikati kwa urefu, kikawa kama mfereji mdogo. Fundi wa mabomba alimpa Susu kipande kilichobaki, baada ya kujaribu sarafu ndani yake ione kama inakaa. Sarafu hulazwa humo kwa mstari, na pembeni amekwaruza alama kwa msumari: hapa ni kumi, hapa ni ishirini. Kijana akafurahi, akaanza kujaza hadi kwenye alama na kufunga haraka haraka. Susu akamshika mkono.

"Alama ni ya kukusaidia, si ya kukuhesabia. Sarafu iliyozeeka imelika, ni nyembamba. Ukijaza kwa macho, utatia ishirini na moja ukadhani ni ishirini. Tia kwa alama, kisha hesabu kwa kidole."

Vipimo vyake ni hivi: sarafu 20 za shilingi tano ni shilingi 100, 10 za shilingi kumi ni 100, 10 za shilingi ishirini ni 200, na 50 za shilingi moja ni 50. Juu ya kila kibunda anaandika kwa kalamu idadi, jumla, tarehe, na herufi za kwanza za jina lake. Nilimwuliza kwa nini herufi, kwani sarafu ni sarafu. Hakunijibu. Alinitazama tu juu ya miwani, nami nikajishughulisha na gundi.

MKUFU WA SENTI

Jioni hiyo kijana aliruhusiwa kuchambua sarafu zote za wiki. Alipata shilingi ishirini ya 1998, mwaka ambao sarafu ya ishirini ilianza kutumika, ikiwa na sura ya Rais Daniel arap Moi. Akaichukua na kuweka ishirini ya ndovu mahali pake, mbele ya macho ya Susu, kama sheria ya uraibu huu inavyotaka. Shilingi arubaini hakuiona. Nami nikamwonya asiisugue ile ya 1998 kwa mchanga wala ndimu ili ing'ae, kwani sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani kwa wanaokusanya. Vilevile zile za kuhifadhiwa zisiwekwe katika karatasi ya unga wala gazeti, zisifungwe kwa mpira, wala zisitiwe katika plastiki laini, maana vitu hivyo huzitia madoa. Bahasha ndogo ya karatasi nyeupe safi inatosha. Pakiti ya unga ni ya sarafu zinazosafiri. Zinazokaa zinataka nguo nyingine.

Kuona bidii hiyo, Susu akaingia chumbani akatoka na mkebe wa zamani. Ndani yake mlikuwa na kitu kama nyoka wa shaba: senti zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye uzi uliosokotwa pajani, ule ule wa kufumia kiondo.

Vijana wa leo hawajaziona. Sarafu zenye tundu zilianza kupigwa kwa ajili ya Kenya na Uganda mnamo 1907, na baadaye Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919, ikaendelea nazo: senti moja, senti tano na senti kumi, zikiwa na pembe za ndovu zilizozunguka tundu. Watu wengi wakati huo hawakuwa na nguo zenye mifuko. Tundu lilifanya kazi ya mfuko. Ulipitisha uzi, ukafunga fundo, ukajifunga kiunoni.

"Hii ndiyo karatasi yetu ya kwanza ya kufungia," akasema Susu. "Kamba. Tena ya Mkamba."

Tulicheka. Kijana alikuwa tayari ana taa ya simu mkononi, anasoma senti moja baada ya nyingine bila kuzitoa kwenye uzi. Ghafla akapaza sauti. Moja ilikuwa ya 1936, na jina lililoandikwa lilikuwa la Edward wa 8.

Hapo nilifurahi mimi kuliko yeye. Mfalme huyo wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja tu, akajiuzulu Desemba 1936 kabla hajavikwa taji, na sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni kwao. Lakini senti zetu za tano na kumi zilikuwa na tundu pale ambapo kichwa kingekaa. Hapakuwa na sura ya kungoja kuchorwa. Jina peke yake lilitosha, kwa hivyo zikapigwa na kutumwa huku. Ndivyo jina la mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakulishika katika chenji yao lilivyofika kwenye kiuno cha mwanamke wa Mbooni. Msidhani ni mali: zilipigwa nyingi, na mkusanyaji hakupi utajiri kwa ajili ya moja. Lakini hadithi yake haipungui.

Kenya ilianza kutoa pesa zake Septemba 1966, sarafu zikafuata mwaka uliofuata, hazina tundu. Kufikia 1969 zile za Bodi hazikuwa halali tena. Mamake Susu hakusikia kwa wakati. Alibaki na mkufu wa pesa zilizokufa. Mafundi walikuja kuzitaka ziwe washa za misumari ya mabati, akakataa.

"Hizi ngapi, Susu?" akauliza kijana.

"Mia moja na nane. Na hii."

Akaonyesha mwisho wa mkufu. Senti tano moja ilikuwa imefungwa peke yake kwa uzi mwekundu.

DENI LA SHILINGI MOJA

Msomaji, hapa ningependa kukunja ukurasa niseme safari iliisha vizuri. Lakini mtoto wangu alikuwepo na alisikia, kwa hivyo na wewe sikia.

Mwaka 1984 mvua ilikataa. Wakamba huzipa njaa majina, na hiyo waliiita Nikw'a ngwete, yaani ninakufa nikiwa nimeshika pesa mkononi, kwa kuwa hata mwenye pesa hakuona cha kununua. Nilikuwa na miaka 11, nikikaa kwa mama mkubwa. Usiku alifunga shilingi 50 katika kila kibunda, apeleke Machakos kwa mwenye duka la jumla aliyekuwa akimpa unga, nusu kwa pesa na nusu kwa mkopo. Kibunda kimoja kilikuwa bado hakijapakwa gundi. Nilitoa shilingi katikati yake. Ili kisipungue urefu nikachomoa senti tano yenye tundu kutoka kwenye mkufu, ambayo ni ndogo kuliko shilingi ya wakati ule, nikaificha pale. Asubuhi nilinunua mandazi nikayala nyuma ya choo cha shule.

Hilo nalijua miaka yote. Lililobaki sikulijua hadi jioni hiyo.

"Yule mtu alizoea kupokea vibunda vyangu bila kufungua," Susu alisema, akimwambia mjukuu na si mimi. "Siku hiyo kimoja kilipasuka mkononi mwake, akaona senti iliyokufa. Akapasua vyote, kimoja kimoja, mbele ya watu. Vingine vyote vilikuwa kamili, lakini nani alijali? Aliniuzia unga wa pesa nilizokuwa nazo. Wa mkopo akakataa. Nilikuja na nusu ya nilichokwendea. Hapa nje walikuwa wameketi watu wananingoja tangu alfajiri. Nusu yao walirudi na viondo vitupu."

Duka likanyamaza. Nje boda boda ilipita, ikaenda na kelele zake.

"Tangu siku hiyo naandika jina langu juu ya kila kibunda. Nilitaka mtu ajue ni wa kumrudia nani."

"Mwaitu," nikasema, na maneno mengine hayakuja.

"Nilijua ni wewe. Mkufu ule nilikuwa nautia hesabu kila Jumapili."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ulikuwa na njaa. Ningekuuliza, ungesema uongo, nawe ungekuwa na makosa mawili. Nilikuachia moja ulibebe."

Nimelibeba miaka arubaini na zaidi, na nilidhani uzito wake ni shilingi moja.

Hatukulala mapema. Tulikata pakiti zote zilizokuwepo, mimi nikipaka gundi, kijana akihesabu kwa sauti na Susu akihesabu kimya nyuma yake. Kibunda cha mwisho kilipofika, alinisogezea kalamu.

"Hiki andika jina lako."

Niliandika. Kabla ya kuandika nilifungua, nikahesabu upya hadi ishirini, nikafunga. Mkono ulitetemeka kidogo kama wa mtoto wa shule.

Asubuhi tulipoaga, kijana alijaribu bahati yake akaomba kuinunua ile senti ya Edward. Susu akatikisa kichwa: mkufu hauuzwi vipande vipande, ukianza kuuza moja umeuza wote. Lakini alifungua ule uzi mwekundu kwa meno, akanitia kiganjani senti tano yenye tundu.

"Hii si ya mkufu tena. Ni yako. Mwoneshe mtoto bei yake."

Tulirudi Nairobi na pakiti tupu sita za unga ndani ya kiondo, na kipande cha paipu ambacho fundi wa Mbumbuni alikataa kulipwa. Sasa nyumbani kwetu pakiti ya unga haitupwi. Kijana ana vibunda vyake kumi na viwili juu ya rafu, kila kimoja na idadi, tarehe na jina, na kila mwisho wa wiki anabadilishana sarafu na mwenye kioski wa mtaani, ambaye naye anamshukuru kwa chenji. Shilingi arubaini bado anaitafuta.

Nawe, msomaji, kama una mtoto mwenye uraibu wa aina hii, usikimbilie maduka ya mjini. Kabla ya kuwasha jiko leo jioni, kung'uta pakiti ya unga na uiweke kando. Gazeti hili, nakiri, halifai, litapasuka. Kisha mketi pamoja mezani, mhesabu kwa kidole, mmoja kwa sauti na mwingine kimya, na aliyefunga aandike jina lake.

Ile senti yenye uzi mwekundu iko mfukoni mwangu ninapoandika. Haiwezi kununua hata nusu ya andazi. Juzi kijana aliniomba aiweke kwenye mkusanyiko wake. Nimemwambia angoje kwanza, bado naitumia.